Miguu midogo kwenye mchanga wa Nyasa

Mtoto wa Maguu hujifunza kutembea kwenye mteremko. Kabla hajaanza darasa la kwanza ameshajua kupanda njia ya shamba bila kushikwa mkono, kupita katikati ya mikahawa na kukwepa mashimo ya ngoro. Lakini mfikishe kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa, ataenda hatua tano kisha atasimama na kumtazama mama yake. Ardhi imelegea, mguu unazama. Hajawahi kuona ardhi ya namna hiyo.

Mama mmoja wa huko alikaa miaka mingi bila kuwapeleka wanawe ziwani, ingawa kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 tu na siku hizi ni lami. Kaka yake alizama akiwa kijana. Tangu hapo, nyumbani kwao ziwa lilitajwa kwa sauti ya chini. Siku binti yake wa miaka saba alipouliza, "Mama, kwani sisi tumekatazwa kwenda ziwani?" alikosa jibu. Likizo ya Juni ilipofika, wakashuka. Hawakwenda kuogelea, walikwenda kutembea.

Wazazi wengi husahau kwamba jambo hilo linawezekana. Ufukwe hauna lazima ya kuingia majini. Ni uwanja mpana, hauna pikipiki, na mtoto akianguka haumii.

Matembezi ya kwanza: ukingoni

Anza mapema, kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Baada ya hapo mchanga huanza kupata moto, na ikifika saa sita unaweza kuunguza nyayo za mtoto. Tembeeni pale mchanga ulipoloa lakini wimbi halifiki. Hapo ni pagumu kidogo na mguu hauzami. Mchanga mkavu huchosha haraka. Mtoto wa miaka minne anayetembea kilomita moja barabarani bila taabu anaweza kuomba kubebwa akiwa bado hajafika nusu ya umbali huo.

Kanuni ni moja: mtu mzima upande wa maji, mtoto upande wa nchi kavu. Kwa wadogo, dakika ishirini za kwenda zinatosha, maana kurudi ni safari nyingine ileile.

Waache wasome nyayo. Ndege ameacha vidole vitatu mbele, mbwa ameacha makucha, mvuvi ameacha mfereji wa mtumbwi uliokokotwa. Mkipita palipoanikwa usipa, salimieni kwanza na msikanyage. Ule ni mkate wa familia ya mtu.

Mwenye maswali mengi mpe habari za samaki. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki, na wengi wao hawapatikani katika ziwa jingine lolote duniani. Kuna madume ambao, wakitaka kupata jike, hukusanya mchanga kwa mdomo punje kwa punje na kujenga kichuguu chini ya maji. Na majike wengi hubeba mayai mdomoni, kisha vifaranga nao hukimbilia humohumo hatari ikija. Mtoto akisikia hivyo, kilima chake cha mchanga hatakijenga kama jana.

Matembezi ya pili: nyuma ya ufukwe

Ukiupa ziwa mgongo, utaona mahali mchanga umejikusanya kwenye vichaka na majani yanayotambaa. Hivyo ndivyo matuta ya mchanga yanavyoanza. Upepo hubeba punje, ukigonga kichaka unapungua nguvu, punje zinadondoka. Majani yakishika, tuta linatulia. Yakikanyagwa au kung'olewa, mchanga unaanza safari tena, na safari hiyo huweza kuishia mlangoni mwa mtu. Kwa hiyo fuateni njia iliyopo, msikate mpya.

Tanzania ina tuta maarufu lisilotulia kabisa. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, karibu na Olduvai, kuna kilima cha mchanga mweusi chenye umbo la mwezi mchanga. Asili yake ni majivu ya volkano, na upepo hukisukuma takribani mita 17 kila mwaka. Pamewekwa alama zinazoonyesha kilipokuwa miaka iliyopita. Kwa Wamasai ni mahali pa heshima, na mgeni hukizunguka badala ya kukikwea.

Jaribio hilo linaweza kufanyika hapahapa kwa udogo. Mtoto achomeke kijiti kwenye mchanga mkavu asubuhi, aweke alama ya kina kwa kamba. Mkirudi jioni kuelekea nyumbani, aangalie upepo umeongeza au umepunguza. Juni hadi Agosti, upepo wa kusini unapovuma kwa nguvu, mara nyingi huwa kuna jibu.

Matembezi ya tatu: Liuli

Kwa watoto wa miaka tisa na kuendelea, Liuli, kaskazini mwa Mbamba Bay, ina hadithi. Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba unaofanana na sanamu kubwa ya Misri. Mwezi Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo. Waingereza wakaja na meli yao, Guendolen, wakaishambulia. Nahodha wa Kijerumani hakuwa amepata habari kwamba vita imeanza, na manahodha hao wawili walikuwa wakifahamiana vizuri kabla yake. Waache watoto watafute mwamba wao wenyewe, kisha waulize: ungekuwa wewe, ungemwambia nini rafiki yako?

Yasiyofanyiwa mzaha

Mamba na viboko wapo ziwani. Epukeni midomo ya mito, matete na maji yaliyotulia, na ondokeni ufukweni kabla ya giza. Kila mahali muulizeni mwenyeji kwanza: "Shikamoo babu, hapa watoto wanaweza kupita?" Swali hilo ni bure, na linajua zaidi kuliko ramani.

Kichocho nacho kipo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ndani ya dakika chache, hata kwa mtoto aliyetia miguu tu. Mkojo wenye damu si dalili ya kukua, ni sababu ya kwenda zahanati. Dawa ipo na inatibu.

Mawimbi ya Nyasa huweza kuinuka ndani ya muda mfupi, na kina hubadilika ghafla; mahali penye kina kirefu zaidi hufikia takribani mita 700. Kama hamkupanga kuogelea, msibadili mpango kwa sababu mtoto analia. Atanyamaza.

Bebeni maji ya kunywa, kofia, kandambili au viatu vya wazi, kanga moja ya kivuli, na mfuko wa kurudisha taka zenu.

Mchanga umetoka wapi?

Yule binti wa Maguu alijaza kiganja mchanga akamuuliza mama yake nani aliumwaga. Mama, ambaye amelima ngoro tangu utotoni, alijikuta anajua. Mvua inanyesha milimani, inasaga mawe, inabeba. Mito inashusha. Punje nzito zinabaki ukingoni, udongo laini unakwenda ndani zaidi na ukizidi unafunika mawe ambako samaki hula na kujificha. Wamatengo walichimba ngoro ili maji yatulie kwenye shimo na udongo usikimbie. Shimo lililotunzwa Maguu ni faida mpaka kwa samaki wa Mbamba Bay.

"Kwa hiyo huu ni wa kwetu?" akauliza mtoto.

"Mwingine ni wa kwetu."

Walitembea mpaka kwenye mawe, wakageuka. Njiani mama akasimama, akaonyesha kwa kidole mahali mitumbwi inapotokea, na kwa mara ya kwanza akawaambia wanawe jina la mjomba wao: alikuwa mchekeshaji, alipenda dagaa wa kukaanga, alitoka siku ya upepo ambayo wazee walimkataza. Watoto walisikiliza. Mdogo akashika kanga ya mama yake, akahamia mwenyewe upande wa nchi kavu.

Tangu hapo wamerudi mara mbili. Mzazi anayeogopa maji hana haja ya kuificha hofu yake. Aipe maneno, aipe kanuni, kisha amshike mwanawe mkono. Mtoto aliyefichwa ziwa atakuja kulifuata siku moja akiwa peke yake au na wenzake. Ni heri alijue kwanza akiwa na mama.