Majira Yageukapo Barabarani Buhongwa

Mkazi wa mjini hutambua kuja kwa mvua pale maji yanapopiga mabati usiku. Lakini atokaye Mwanza kwa barabara ya kusini, akapita Buhongwa na kushika njia ya Usagara na Misungwi mwishoni mwa Septemba, huziona dalili zake mapema zaidi.

Wakati huo kiangazi kimekomaa. Vumbi limefunika majani ya miembe, majaruba ya mpunga yamepasuka nyufa, na majabali yanatoa joto hata baada ya jua kuzama. Kisha mawingu huanza kukusanyika na radi husikika kwa mbali. Vuli ikishuka, kingo za njia hugeuka kijani kwa siku chache tu. Kumbikumbi huruka na watoto huwakimbilia, nao wakulima hutoka na majembe ya kukokotwa na ng'ombe.

Je, ndugu msomaji, ng'ombe hao waliishi kwa nini katika majuma yale ya mwisho ya ukame? Wasukuma wana ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti vikue, yakafunguliwa kiangazi kikizidi. Katika mkoa jirani wa Shinyanga, ngitili nyingi zilipotea miti ilipofyekwa ili kumfukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulisaidia vijiji kuzirejesha. Jikoni nako ipo michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani, vikingoja miezi ya upungufu.

Ngitili ya kijiji hulindwa na watu wote. Mmoja akiingiza mifugo yake kabla ya wakati, mwezi wa Septemba huwakuta wote mikono mitupu.

Mshahara nao una masika yake na kiangazi chake. Tarehe za mwanzo nyumba hushiba. Kufika tarehe 20, mama hukopa unga dukani. Akiba iliyowekwa kwa ajili ya siku hizo ni ngitili ya familia, na baba akiivunja kwa siri, watoto ndio hulala na njaa.

Buhongwa sasa imejaa nyumba, na mashamba mengi yamekuwa viwanja. Wazazi, wapelekeni watoto mbele kidogo Jumapili moja wakati wa mvua, wayaone malisho hayo yaliyofungwa, na wamuulize mchungaji kwa nini ng'ombe wake hawajaingia.