Tairi ni Kuukuu, Kazi ni Mpya: Kwa Nini Tunasema Fundi Alipwe Nusu Kabla ya Kuanza

"Mbona bei iko juu hivyo, na hii si ni taka tu?" Nenda kibanda chochote cha akala, cha hereni za brasi au cha mikoba ya jeans kuukuu, kaa hapo nusu saa, utalisikia swali hilo. Fundi huwa anacheka tu, maana ukigombana na kastoma asubuhi siku imeharibika. Sisi hatuna kibanda. Kazi yetu ni kupitisha pesa kutoka simu moja hadi nyingine. Lakini wacha tumjibie: hapana, si taka tu. Na tuna maoni makali kidogo kuhusu jinsi anavyolipwa.

Tuanze na akala. Mafundi wa Kariokor na Gikomba hawaokoti tairi barabarani. Tairi iliyozeeka ina mwenyewe na ina bei. Kisha kuna kisu ambacho lazima kinolewe kila mara, kwa sababu mpira wa tairi hauna huruma na makali, kuna misumari midogo, gundi, ngozi au shanga za juu, na kodi ya kibanda. Brasi nayo ni vivyo hivyo. Zile hereni na bangili za Kibera zilikuwa mfereji wa maji uliochoka, au kufuli iliyopotelewa na ufunguo. Fundi huzinunua kwa kilo kutoka kwa wauza vyuma vikuukuu, huziyeyusha kwa moto wa makaa, humimina kwenye kalibu, halafu hukaa akizipiga tupa hadi zing'ae. Mnakumbuka Januari 2022, serikali iliposimamisha biashara ya vyuma chakavu baada ya mitambo ya umeme kuharibiwa? Marufuku ile ilikaa miezi kadhaa. Kitu kisicho na thamani hakipigwi marufuku, jamani.

Na wanaonunua sanaa hii mbali na hapa hawaulizi swali la taka. Miwani ya Cyrus Kabiru, aliyoiita C-Stunners, imetengenezwa kwa vyuma na mabaki ya vifaa vya kielektroniki kutoka Nairobi, na imeonyeshwa katika majumba ya sanaa ya ng'ambo. Ndala zinazotupwa na bahari kwenye fuo zetu huoshwa, hugundishwa ziwe pande moja kubwa, kisha huchongwa twiga na kifaru ambao watalii hubeba hadi kwao. Lamu, mwaka wa 2018, Ali Skanda na mafundi wenzake walishusha majini jahazi zima lililotengenezwa kwa plastiki iliyotumika, wakaliita Flipflopi, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Jahazi la taka likavuka bahari! Sisi nyumbani ndio bado tunamwambia mama wa mikoba, "Si uniachie kwa mia tatu?"

Kupatana bei ni desturi yetu na hatuipigi vita. Soko bila kupatana bei halina ladha. Lakini hebu tupige hesabu ya mkoba mmoja, kwa mfano tu. Suruali mbili za mitumba za shilingi 100 kila moja, hiyo ni 200. Zipu na kitambaa cha ndani, 130. Uzi na sindano iliyovunjika, 20. Boda ya kupeleka mzigo, 100. Tayari ni 450, na hatujataja cherehani wala stima. Akiuza 900, amebaki na 450 kwa kazi ya siku nzima. Ukimvuta hadi 600, amebaki na 150. Kwako umeokoa 300 na umefurahi. Kwake, siku nzima imekuwa ya 150, na mtoto anangoja pesa ya chakula cha shule. Kwa hivyo vuta, lakini ujue unavuta nini: jeans haipungui bei, uzi haupungui, boda hatapunguza. Kinachopungua ni jasho peke yake.

Sasa tufike kwa jambo ambalo hasa limetufanya tuandike, yaani oda. Mtu anataka hereni 30 za wasimamizi wa harusi, zote zifanane. Anapiga simu, anaongea vizuri, "Usijali dada, tutamalizana siku ya kuchukua." Fundi ananunua brasi kwa pesa yake, pengine kwa mkopo wa simu, anakesha wiki nzima. Siku ikifika, simu ya mteja haishikwi, au harusi imeahirishwa, au wamepata za bei rahisi mjini. Hereni 30 zenye herufi za majina ya maharusi utamuuzia nani? Mwenye duka la kawaida angerudisha bidhaa kwenye rafu akangoja kastoma mwingine. Fundi wa oda hana hiyo nafasi. Ndiyo maana tunasema bila kupindisha: oda yoyote iliyotengenezwa kwa ajili yako, lipa nusu kabla kazi haijaanza. Na fundi, usione haya kuitisha. Fundi wa nguo huitisha, mtu wa tenti na viti huitisha, hata keki ya harusi haipikwi bila pesa. Kwa nini wewe uwe ndiye benki ya mteja?

Wateja nao wana hofu yao, na ni ya haki. Umeona mkoba mzuri Instagram, umetuma pesa, halafu ukurasa umepotea pamoja na mwenyewe. Imetokea kwa wengi. Hofu hiyo haiponywi kwa kukataa kulipa chochote mapema, inaponywa kwa kulipa mahali panapoacha alama. Ukilipa kwa till, jina la biashara linakuja kwenye skrini kabla muamala haujakamilika. Lisome! Watu wengi huweka PIN wakiwa wanaangalia gari la kuvuka. Kama jina haliendani na aliyekuonyesha bidhaa, simamisha hapo na umuulize. Fundi asiye na till, anayepokea kwa namba yake mwenyewe, amwambie mteja mapema, "Itakuja jina la mama yangu, laini ni yake," ama bora zaidi, ajisajilie laini yake. Na muelewane kuhusu ya kutolea. Kama mnalipana kwa namba ya kawaida, semeni mwanzoni ni nani anabeba ada, kwa sababu urafiki mwingi umeharibika kwa shilingi chache tu.

Mapatano yenu yaandikwe kwenye meseji, hata kama mmekutana ana kwa ana. Saizi, rangi, idadi, siku ya kuchukua, nusu iliyolipwa, nusu iliyobaki. Mistari minne inatosha. Mteja akaombe picha kazi ikifika katikati. Fundi mzuri hufurahia kuonyesha. Nusu ya pili ilipwe kazi ikiwa mkononi, umeigeuza, umevaa, umetembea nayo hatua mbili. Akala hasa, tembea nayo.

Kuna jambo la madalali ambalo halisemwi sana. Kwenye masoko ya vinyago na mapambo, hasa pale watalii wanapokuja, kuna mtu anayekusindikiza kwa tabasamu kutoka kibanda hadi kibanda, anakukusanyia bidhaa kwenye mfuko, halafu anakupa namba moja ya kulipa zote. Namba hiyo si ya fundi. Bei umepandishiwa wewe, na aliyetengeneza atapewa kile dalali ataamua. Dalali naye anatafuta riziki, hatumtukani. Lakini ukitaka pesa yako ifike kwa mkono uliokata ile tairi, uliza swali moja tu kibandani: "Till yako ni gani?" Halafu lipa hapo hapo, kila kibanda na chake. Inachukua dakika moja zaidi kwa kila kituo, basi.

Kwa mafundi, mambo mawili, tena haraka. Meseji iliyo kwenye simu ya mteja si pesa. Pesa ni ile iliyoingia kwenye simu yako, na salio lako likasema hivyo. Meseji za uongo huandikwa vizuri kuliko zetu siku hizi. Na yuko mteja wa aina nyingine, anayelipa kweli, anachukua viatu, kisha akifika kona anapiga simu kudai alituma kimakosa ili arudishiwe. Ndiyo sababu tunasisitiza risiti, hata ya kuandika kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari: tarehe, bidhaa, kiasi, namba ya muamala. Ukipigiwa na huduma kwa wateja kuulizwa kuhusu muamala ule, una kitu cha kusema. Na akikupigia mtu binafsi akitaka umrudishie mwenyewe, usimtumie hata shilingi. Mwambie apitie huduma kwa wateja, huko mtakutana.

Tenganisha pia pesa ya kazi na ya nyumba. Tunajua ni ngumu, kwa sababu unga ukiisha hauulizi pesa iko laini gani. Lakini fundi ambaye mauzo yake yote yamepita kwenye till moja kwa mwaka mzima ana kitu cha kumwekea afisa wa mikopo mezani: karatasi inayoonyesha kwamba Aprili ni kavu, Agosti wageni wanakuja, Desemba simu haipoi. Yule anayechanganya na pesa ya chama, karo na ya kutumia shangazi, hata mwenyewe hajui kama mikoba inamlipa au yeye ndiye anailipa mikoba.

Tukizungumzia Desemba: kama unataka akala za kupeleka ushago kwa familia nzima, fundi anahitaji kujua namba za miguu mapema Novemba, kabla foleni haijajaa. Tuma majina, namba za viatu, na nusu ya pesa. Ya watoto ongeza namba moja, maana hadi Krismasi watakuwa wamekua.