Pasipoti Haianzii Ofisini

Juma hili tuzungumze juu ya kitabu kidogo chenye jalada la buluu, ambacho wengi wetu hatujapata kukishika mkononi. Ndicho pasipoti. Pengine mmoja atasema: "Sisi wakulima, pasipoti ya nini?" Ngoja kwanza, ndugu yangu. Siku hizi mtoto wa mkulima huitwa kwenda kusoma ng'ambo, mgonjwa huandikiwa kwenda kutibiwa India, na wazee huenda kuhiji Roma. Siku barua inapofika, ndipo nyumba nzima hukimbia huku na huko kutafuta karatasi, na aghalabu siku zimekwisha kupita.

Tuanze na yaliyo mema, maana kumsifu mtu kwa kazi nzuri si kujipendekeza. Tarehe 31 Januari 2018 Serikali ya Tanzania ilizindua pasipoti mpya ya kielektroniki. Ndani yake mna kipande kidogo kinachotunza habari za mwenyewe, hata mwizi apate taabu kuigeuza. Ya kawaida hudumu miaka 10. Fomu yake hujazwa kwa intaneti, na ada hulipwa benki au kwa simu kwa namba ya malipo ya Serikali, si mkononi mwa mtu. Hayo ni maendeleo, tena makubwa. Ilipozinduliwa, ada yake iliwekwa Sh. 150,000. Kwa mkulima hiyo ni mbuzi anayetoka zizini, pengine wawili, basi si haki fedha hiyo ipotee kwa uzembe wa mtu yeyote, awe karani au mwombaji.

Sasa tuje kwetu wenyewe. Tumwaze kijana mmoja. Padre alimbatiza Yohane. Mwalimu akaandika John. Siku ya kuandikishwa kitambulisho cha taifa, NIDA, kijana akatamka haraka, ikaandikwa Johana. Baba yake ni Petro katika cheti kimoja, na Peter katika kingine. Nyumbani hakuna anayeona tofauti, maana wote wanamjua. Lakini karani wa Uhamiaji hamjui! Mbele yake wamesimama vijana watatu wenye sura moja. Akikataa kuendelea, hafanyi ukatili, analinda kitabu cha taifa kisiangukie mkono wa mtu mwingine. Na kijana? Atarudi kutafuta hati ya kiapo, atalipa nauli mara mbili, mara tatu, na nafasi ya chuo haitamngoja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo, akina baba na akina mama, sikilizeni. Mtoto akizaliwa, apatiwe cheti cha kuzaliwa mapema. Tangu mwaka 2013, RITA ilipoanza mpango wake mkoani Mbeya, watoto walio chini ya miaka 5 wamekuwa wakisajiliwa bila ada katika vituo vya afya na ofisi za kata, mkoa baada ya mkoa. Cheti cha ubatizo kitunzeni vizuri, kwa kuwa husaidia kuthibitisha habari za mtu aliyechelewa kusajiliwa. Lakini msidhani kwamba kinatosha badala ya cheti cha kuzaliwa. Hasha! Kila kimoja kina kazi yake. Na jina mlilochagua, liandikwe hivyo hivyo kila mahali, herufi kwa herufi.

Neno jingine ni juu ya wale wanaoitwa vishoka. Husimama karibu na mlango, wamevaa vizuri, nao husema, "Mzee, nipe kidogo, nitakupitishia." Msiwape kitu. Kama hujui kutumia kompyuta, mwombe mwalimu au kijana wa steshenari akusaidie kujaza, umlipe kazi yake ya kuandika, halafu usome mwenyewe kila mstari kabla fomu haijapelekwa. Na ninyi mlio nayo tayari, tazameni tarehe ya mwisho. Nchi nyingi humkataa mgeni ambaye pasipoti yake imebakiza chini ya miezi 6. Basi msingoje siku ya mwisho ndipo muombe nyingine.

Tumekwisha kujisema wenyewe. Sasa, kwa heshima, tuseme na Serikali pia, kwa kuwa mtoto mwema humwambia baba yake ukweli.

Kwanza, njia ni ndefu. Fomu hujazwa popote, lakini alama za vidole hazipiti kwenye waya wa simu. Ni lazima mwombaji afike ofisini mwenyewe. Anayekaa mbali na mji wa mkoa hulala njiani. Makarani wa NIDA waliwafuata watu hata vijijini na mashine zao. Je, maofisa wa Uhamiaji hawawezi kufika wilayani kwa siku zinazotangazwa mapema, hata kanisani na msikitini?

Pili, NIDA imekwisha kuchukua picha, alama za vidole na habari za wazazi. Mbona mwombaji aambiwe kuleta nakala za mambo ambayo Serikali inayo tayari? Ofisi moja na iulize ofisi nyingine, mama wa kijijini apumzike.

Tatu, kasoro zitajwe zote kwa pamoja, kwa maandishi, pamoja na siku ya kurudi. Kumwambia mtu leo kwamba picha haifai, na juma lijalo kwamba cheti cha baba kimekosekana, ni kumla nauli bure.

Nne, kwa miaka mingi mwombaji ameulizwa ushahidi wa safari. Lakini vyuo vingi vya nje humwuliza namba ya pasipoti kabla ya kumpa nafasi. Huyu anasema, "Lete barua," yule anasema, "Lete pasipoti." Kijana asimame wapi? Mwananchi aliyethibitika kuwa mwananchi apewe kitabu chake, asafiri kesho au mwaka ujao.

Na tujifunze kwa jirani. Mwaka 2023 nchini Kenya maombi yalilundikana kwa maelfu, kwa kuwa mashine za kuchapia ziliharibika na vitabu vyenyewe vilipungua. Watu walikuwa wamelipa na kutimiza masharti yote, lakini wakangoja miezi. Basi fomu nzuri ya intaneti haitoshi. Ghalani kuwe na vitabu vya akiba, na mashine ya pili iwe tayari siku ya kwanza inapolala.

Wasomaji wapenzi, Serikali ina sehemu yake, nasi tuna yetu, na ya kwetu haingoji bajeti. Jioni moja ya juma hili, baada ya chakula, shusheni lile sanduku la karatasi. Tandazeni vyeti vyote juu ya mkeka, na yule mtoto anayejua kusoma vizuri ayasome majina kwa sauti, moja moja. Mkiona herufi imepotea, andikeni pembeni, na siku ya kwenda mjini kuuza mazao mpite ofisini kuirekebisha. Leo ni kazi ya asubuhi moja. Mkingoja hata barua ya chuo ifike, huenda ikamgharimu mtoto wenu mwaka mzima.