MBEGU HAILIWI: FRANGA ZA MADINI ZIZAE KAZI NYINGINE



Leo tunauliza ulizo moja. Bukari tunayokula Lubumbashi, Likasi na Kolwezi inatoka wapi? Kila mama anayepima unga sokoni anajua jibu. Sehemu kubwa inapita mpaka wa Kasumbalesa, ikitoka Zambia, na nyingine inatoka mbali zaidi kusini. Mwaka 2024 ukame uliipiga Zambia, nayo ikafunga mlango wa mahindi yake. Hatuwalaumu Wazambia. Kila mzazi analisha kwanza watoto wake. Lakini sisi tulibaki na nini? Tulibaki na shaba, na shaba haisagwi wala haipikwi.

Sikieni aibu yake. Mwaka ule ule wa 2024 Kongo ilitoa tani zaidi ya milioni 3 za shaba. Ilikuwa imeipita Peru, ikawa ya pili duniani nyuma ya Chile. Na kwa kobalti hatuna mwenzetu: zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka katika udongo wetu. Tajiri huyo ndiye anayesimama mpakani na gunia tupu, akingoja mahindi ya jirani!

Tunasema wazi, ili kila mtu asikie: franga za madini ni mbegu. Mlimaji mwenye akili hali mbegu yake, hata njaa ikimuuma, kwani anangoja mvua. Na yeye angalau msimu wake unarudi kila mwaka. Mwamba haurudi. Kilo ya shaba ikitoka chini ya udongo imetoka kabisa. Basi franga iliyotoka pamoja nayo, isipopandwa katika kazi nyingine, imepotea vilevile.

MIPANGO HATUKUKOSA

Wakubwa watajibu: «Leta ina mipango.» Ni kweli. Mipango hatukukosa hata siku moja. Tuihesabu pamoja.

Mwaka 1949 Wabelgi walitoa Mpango wa Miaka Kumi. Barabara, bandari na hospitali zilijengwa, hatukatai. Lakini sehemu kubwa kuliko zote ya franga zile iliwekwa katika njia za usafiri, na njia zile zilifuata mali inayotoka, hazikumfuata mlimaji. Tena franga nyingi zilikuwa za mkopo. Uhuru ulipofika, 30 Juni 1960, deni likawa ugomvi kati ya Wabelgi na Kongo mpaka mapatano ya 1965. Na siku tatu tu mbele ya uhuru, 27 Juni 1960, Wabelgi walivunja Comité Spécial du Katanga, ambayo kwa njia yake Kongo ingekuwa na sauti kubwa ndani ya Union Minière. Sauti walituondolea, deni wakatuachia.

Mwaka 1967 mali ya Union Minière ikawa ya Leta, ndiyo Gécamines tunayoijua. Hiyo ilikuwa baba na mama wa miji yetu: posho, shule, hospitali, nyumba, mpira wa miguu, vyote kwake. Mwaka 1984 ilipewa hata tawi la kilimo na mifugo, likaitwa Gécamines-Développement. Wazo lilikuwa zuri. Lakini tawi lile lilinyonya maji ya mti ule ule. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani karibu 476,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaanguka. Mwaka 1993 haikufikisha hata tani 50,000. Mti ulipokauka, shamba lilikauka nao, na shule na hospitali vilevile. Wafanyakazi walikaa miezi na miezi pasipo mshahara. Tangu 2003, zaidi ya watu 10,000 waliondolewa kwa franga za Benki ya Dunia, katika mpango uliosema ya kuwa wanaondoka kwa kupenda kwao. Walitoka na bahasha mkononi. Waende kufanya kazi gani? Hapakuwa na kazi nyingine katika muji mzima.

Na waya wa Inga? Ulimalizika 1982. Unatoka Inga mpaka Kolwezi, zaidi ya kilometa 1,700, unaleta nguvu ya umeme kwa mashini za shaba. Njia nzima waya ule unapita juu ya vijiji vya Kongo, na chini yake mama anasaga mahindi kwa kinu na mtoto anasoma kwa taa ya mafuta. Maendeleo yalipita juu ya kichwa cha mwanainchi, hayakushuka.

Wakati wa guverneri Moïse Katumbi, kati ya 2007 na 2015, sosiete za madini ziliagizwa kulima kila moja hektari 500 za mahindi. Nia yake tunaisifu. Lakini mchimba shaba alilima kwa kuagizwa, na mlimaji mwenyewe wa kijiji hakupata barabara wala mnunuzi.

Mwaka 2014 Leta ilifungua shamba kubwa sana la Bukanga-Lonzo, upande wa Kinshasa. Walisema litalisha inchi. Mwaka 2017 mashini zilikuwa zimesimama. Wakaguzi wa Leta waliandika mwaka 2020 ya kuwa dola milioni 285 zilitolewa, na zaidi ya milioni 200 hazikwenda kwa kazi yake. Mwezi wa tano wa 2025, Korti ya Katiba ilimhukumu Matata Ponyo, aliyekuwa waziri wa kwanza, miaka 10 ya kazi ya nguvu kwa jambo hilo. Yeye anakana. Korti ina kazi yake, nasi tunaangalia kitu kingine: hata hukumu haikuleta gunia moja la mahindi.

Kisha ukaja mpango wa teritwari 145, wa dola zaidi ya bilioni moja na nusu. Umeanza kwa shule, vituo vya afya na nyumba za ofisi. Shule tunaitaka. Kituo cha afya tunakitaka sana. Lakini mtoto akimaliza shule ile mpya, atafanya kazi wapi? Kama jibu ni «aende akachimbe kwa mkono katika karieri», basi tumejenga mlango mzuri unaoelekea shimo lile lile.

TUHESABU KAMA MAKARANI

Kazi ya karani wa mgodi ni kuandika tani na franga. Basi tufanye hesabu, tuache maneno ya siasa kidogo.

Sheria ya madini ya 9 Machi 2018 inasema hivi. Kobalti iliwekwa mwaka ule katika madini ya maana kuliko mengine, na kodi yake iitwayo redevansi ni 10 kwa 100. Basi kobalti ya franga 1,000 ikitoka, franga 100 ni za kodi hiyo. Katika zile 100, franga 50 zinakwenda Kinshasa. Franga 25 zinakwenda jimbo. Franga 15 ni za komini, sekteri au usultani pale mwamba unapotoka. Franga 10 zinawekwa katika mfuko wa watoto watakaozaliwa. Kwa shaba redevansi ni 3.5 kwa 100, na kugawanya ni kule kule. Tena sosiete inatoa franga 3 katika kila 1,000 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoizunguka.

Sheria hiyo hatuilaumu. Ni moja ya sheria nzuri tulizopata. Ulizo letu ni hili: mmeona wapi karatasi ya komini yenu, iliyobandikwa ukutani, inayosema «miezi hii mitatu tumepokea franga hizi, tumefanya kazi hizi»? Mfanyakazi akikosa siku moja ya kazi, siku ile inaandikwa, mshahara wake unakatwa. Kwake hesabu haisahau. Kwa nini hesabu ya wakubwa iwe siri?

Tena angalieni ramani. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa katika majimbo manne. Shaba na kobalti zilibaki Haut-Katanga na Lualaba. Udongo mzuri wa mahindi kwa upande wa Kaniama na Kamina uko Haut-Lomami. Samaki wa ziwa wako Tanganyika. Sehemu ya redevansi ya jimbo haivuki mpaka, basi penye franga ni fasi moja, penye chakula ni fasi nyingine. Waandishi wa Katiba ya 2006 waliona hatari hiyo mapema. Waliandika ya kuwa majimbo yabaki na 40 kwa 100 ya mapato ya taifa, na 10 kwa 100 iwekwe katika Sanduku la Kusawazisha, la kujenga majimbo maskini. Sheria ya kuendesha Sanduku hilo ilingoja mpaka 2016. Miaka kumi! Mlimaji wa Kaniama hakungoja miaka kumi ili mahindi yake yaoze. Msimu mmoja ulitosha.

WANAYOTUJIBU

Wengine wanasema: «Acheni hofu. Dunia nzima inataka motokari za umeme, na motokari hizo zinataka kobalti.» Ndugu, mwanzo wa 2025 bei ya kobalti ilianguka sana, hata Leta ikafunga kuiuzisha inje tangu mwezi wa pili, na katika mwezi wa kumi ikaweka kipimo kwa kila sosiete. Na batri zisizo na kobalti hata kidogo zinauzishwa tayari. Waulizeni watu wa Manono. Muji wao uliishi kwa bati. Bati ilipoanguka, kisha vita vikapita, walibaki na makaburi ya mashini na vilima vya mchanga mweupe. Leo wanaambiwa ya kuwa litium itawaokoa. Ni wimbo ule ule kwa jina jipya.

Wengine wanasema kwa sauti ndogo: «Basi tukate inchi, tule shaba yetu sisi wenyewe.» Tunawajibu pasipo kuogopa: dawa hiyo ilikwisha kuonjwa. Katanga ilikatwa 11 Julai 1960, na Union Minière ililipa kodi zake kwa serkali ya Tshombe mpaka mwanzo wa 1963. Kodi ile ilinunua askari wa kukodi na bunduki. Mlimaji wa Kaniama hakununuliwa hata jembe. Kukata inchi kunamtenga mwenye shaba na mwenye mahindi. Sisi tunataka waungane.

Na Rais Félix Tshisekedi mwenyewe amesema mara nyingi ya kuwa udongo wa juu ulipize kisasi kwa udongo wa chini, maana yake mashamba yashinde migodi. Neno hilo ni zuri, tunalipokea kwa mikono miwili. Lakini kisasi hakifanywi kwa neno. Kinafanywa kwa bajeti.

TUNADAI MAMBO MANNE

Moja. Kila komini, sekteri na usultani unaopokea redevansi ubandike hesabu yake ukutani kila miezi mitatu, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kusudi mama wa soko aisome au asomewe.

Mbili. Nusu ya franga hizo, za jimbo na za komini, iwekwe kwa kazi zitakazoishi mwamba ukiisha: barabara za kufika mashambani, gala la kutunza mahindi, vinu vya umeme, mbegu, na mnunuzi anayelipa siku ile ile. Motokari za wakubwa na viti vya ofisi visihesabiwe kuwa maendeleo.

Tatu. Leta ijaze Sanduku la Kusawazisha kama Katiba inavyoagiza. Na sifa zote zisimwagwe kwa treni ya Lobito peke yake. Treni ilifika Lubumbashi mwaka 1910, nayo tangu zamani imejua kubeba mwamba. Njia ya Kaniama na Kamina mpaka Lubumbashi iko tangu 1928. Itengenezwe, ilete mahindi kwa bei ambayo mfanyakazi anaweza.

Ine. Mfuko wa watoto watakaozaliwa usomwe mbele ya watu kila mwaka: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Wao hawajazaliwa, hawawezi kuuliza. Sisi tuulize kwa ajili yao.

Wandugu, msingoje wakubwa waamke peke yao. Juma hili mwende ofisi ya komini, watu watano au kumi, kwa heshima na pasipo fujo, mkaulize ulizo moja: «Redevansi ya miezi mitatu iliyopita ni franga ngapi, na imefanya nini?» Wakisema warudieni kesho, mrudi kesho. Mwandike jibu, mwandike na siku. Karani wa kila mtaa ailete karatasi hiyo kwa chama, nasi tutaichapa hapa, namba kwa namba.

Uhuru wa bendera tuliupata 1960. Uhuru wa sahani bado tunaudai.

UHURU!