Fomu moja, karatasi mbili: shida iko kwenye herufi

Kijana wa Bukavu ao Bunia anajaza fomu ya kuomba kazi kwenye intaneti. Kwenye ordinatere ya rafiki, fomu inaingia kwenye karatasi moja. Kwenye sekretaria ya mtaani, fomu ileile inatoka kwenye karatasi mbili, na nafasi ya saini imebaki peke yake kwenye ya pili. Analipa mara mbili. Wengi wanasema ni virusi. Hapana.

Sababu ni aina ya herufi, ile watu wa sekretaria wanaita "polisi". Ukurasa wa intaneti unataja jina tu, kwa mfano Arial, na navigatere inaitafuta ndani ya mashini. Arial ni mali ya kampuni Monotype, na ordinatere nyingi za Linux hazina. Navigatere inachukua ingine. Kama hiyo ingine iko na upana tofauti, maneno yanasogea na mistari inakatika pengine.

Dawa ipo, tena ya bure. Mwaka 2007 kampuni Red Hat ilitoa herufi za Liberation: Sans inashika nafasi ya Arial, Serif ya Times New Roman, Mono ya Courier New. Kwa Calibri kuna Carlito. Sura zinatofautiana kidogo, lakini upana ni uleule, basi mistari inabaki pake. Na Arial yenyewe, ya mwaka 1982, ilipimwa kwa upana wa Helvetica. Hata yeye alianza kama mbadala.

Kwenye telefoni mambo ni magumu zaidi, kwani nyingi hazina Arial wala Liberation. Wajenzi wa kurasa wanatuma herufi zao kupitia rezo, lakini mwenye telefoni njo analipa mega. Rezo ikiwa chini, herufi zinachelewa. Zikifika, maandishi yanaruka na kidole kinagusa kitufe kingine. Tangu 2021, Chrome na Firefox zinakubali mjenzi apime herufi ya telefoni ilingane na ile aliyotaka. Kazi ni ya mistari michache.

Kwa hiyo ofisi zinazoweka fomu kwenye intaneti zijaribu kwanza kwenye telefoni ya bei ndogo. Na mwenye fomu aihifadhi kama PDF pale inapotoka vizuri, ndipo aipeleke kuchapisha: herufi zinasafiri ndani yake.