Gari moja la familia, siku moja ya mbio: nani atalipa Jumatatu?

Hapa Kalemie hatuna uwanja uliofungwa kwa ajili ya mbio za magari. Lakini hamu iko. Video za Safari Rally ya Naivasha zinapita kwenye simu, na swali moja linarudi kwenye magaraji: mtu anaweza kupeleka gari lake la kila siku kwenye mbio Jumapili, kisha Jumatatu arudi nalo kazini?

Mbio za magari zimeingia hata katika habari zetu za vita. Mwezi wa Desemba 2024, wakati wa mkutano wa FIA huko Kigali, Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba kupokea Formula 1. Februari 2025, baada ya Goma kuanguka, waziri wetu wa mambo ya inje, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliandikia wakubwa wa Formula 1 akiomba mazungumzo hayo yasimamishwe. Hayo ni mambo ya serikali na mamilioni. Swali letu ni dogo, lakini linagusa nyumba nyingi: RAV4 au Noah moja, iliyovuka ziwa kutoka Kigoma, ambayo ndiyo inalipa masomo ya watoto.

Wanaotetea wazo hili wana mfano mzuri. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaani ng'ambo ya ziwa letu, magari yalikuwa ya kawaida, yale yale yaliyouzwa dukani, na yaligawanywa kwa bei yake. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda na Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imetumika. Basi, wanasema, kwa nini si sisi?

Tusome historia hiyo hadi mwisho. Joginder alikuwa fundi, alijua kila nati ya gari lake. Na mwaka 1963, kwa magari 84 yaliyoondoka, ni saba tu yaliyofika. Mwaka 1968 pia yalifika saba. Gari la kawaida linaweza kushinda, ndiyo. Lakini mengi yalibaki njiani, na mwenye gari moja tu anapaswa kujihesabu kwanza kati ya waliobaki.

Sasa tuangalie chuma chenyewe. Vitesi ikiongezeka mara mbili, nguvu ambayo freni inapaswa kumeza inaongezeka mara nne. Mtu aliyezoea kusimama kutoka 40 kwa saa, siku akisimama kutoka 80, freni zake zinapata moto mara nne, na njia ya kusimama inakuwa ndefu mara nne. Akirudia hivyo kwenye kila kona kwa dakika kumi, freni hazipati nafasi ya kupoa.

Hapo maji ya freni yanakuwa hatari. Yale ya DOT 4, yakiwa mapya, yanachemka kwenye digri 230. Lakini yanavuta unyevu wa hewa, na sisi tunaishi kando ya ziwa. Yakishanyonya maji, yanaweza kuchemka kwenye digri 155 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea: unakanyaga, mguu unafika chini, gari linaendelea. Magari mengi ya mjini yamebadilishiwa mafuta ya moteri mara nyingi, lakini maji ya freni hayajaguswa tangu yalipotoka Japani.

Pneu nazo zina umri. Angalia ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Pneu ya okazyo inaweza kuonekana nzuri juu, kumbe mpira umekauka. Kwenye mwendo wa soko itavumilia. Kwenye vitesi kubwa na joto inaweza kupasuka. Na kwenye kona kali, mafuta ya moteri yanakimbilia upande mmoja, pompi inavuta hewa, na vyuma vinasagana bila mafuta. Gari la mbio limetengenezwa kuzuia jambo hilo. Gari lako la kazi, hapana.

Uharibifu mwingi wa namna hii hauonekani siku ile ile. Jumapili jioni gari linarudi nyumbani likiimba. Jumatatu asubuhi linabeba mama mwenye mtoto mgongoni anayekwenda hospitali, na yeye hajui kwamba jana freni zilichemka. Dereva alichagua hatari yake. Abiria hakuchagua chochote.

Na pesa? Bima ya lazima hapa kwetu inalipa madhara unayofanyia watu wengine. Haitengenezi gari lako. Tena, kampuni za bima mahali pengi duniani huandika kwenye kontra kwamba mashindano hayamo. Hata Ujerumani, kwenye njia ya Nürburgring yenye karibu kilomita 21, iliyofunguliwa 1927, ambako raia wanalipa na kuingia na magari yao, anayegonga chuma cha pembeni analetewa fakitire yake. Wengi wao wana kazi nyingine na gari lingine. Kwetu, gari likilala garaji wiki tatu kungojea kipuri kutoka Dar es Salaam au Lubumbashi, ni wiki tatu bila franga, na fundi bado anataka yake.

Tuwe wa haki: kuna faida. Mtu aliyefundishwa mahali palipofungwa anajua gari linavyoteleza na jinsi ya kusimama bila woga. Mahali pasipo watoto, baiskeli wala wauza samaki ni bora mara mia kuliko kupimana vitesi katika barabara ya mji. Hilo la barabarani halina mizani ya kupima: waliosimama pembeni hawakuandikishwa kwenye mashindano, na siku ya ajali mwenye gari atajieleza mbele ya polisi na mbele ya familia.

Kwa hiyo, kama gari ni moja na nyumba inakula kwalo, jibu letu ni: usilipeleke kwenye mbio. Kama siku moja mashindano yenye mpango yataandaliwa, na wewe una hamu isiyolala, jiulize kwanza maswali matatu. Gari hili likifa leo, watoto watasoma? Nimesoma kontra ya bima, au nimeambiwa tu? Kisha mbio, nina pesa za kubadilisha maji ya freni na kupima pneu mbele ya kubeba mtu? Kama jibu moja tu ni hapana, baki na watazamaji.

Kuna njia ya kati, na haina gharama kubwa. Vyama vya madereva na vya motari vinaweza kuomba ruhusa ya kutumia kiwanja kipana, vipange bidoni tupu, na kufundisha watu kupita katikati na kusimama kwa ghafla kwenye mwendo wa 30 au 40. Pale hashindi mwenye vitesi, anashinda asiyeangusha bidoni. Pikipiki nazo zingefaidika, kwa sababu ndizo zinazobeba wengi mjini. Dereva angejifunza, gari lingerudi zima, na abiria wa Jumatatu angepanda kwa usalama.