Kombe la Timu Ndilo Kombe

Katika mjadala wa chama chetu muhula uliopita hoja ilikuwa kwamba ushindi wa mtu mmoja una thamani kuliko ushindi wa kikundi. Watetezi wa hoja walituangusha, tena kwa makofi. Msemaji wao mkuu, ambaye sote twamjua kwa ulimi wake, alisimama akauliza, "Nani hapa anakumbuka timu? Watu hukumbuka mtu!" Ukumbi ukalipuka. Mimi nilikuwa msemaji wa tatu wa wapinzani, na kengele ililia kabla sijafika Japani. Leo mhariri amenipa kurasa zisizo na kengele, basi nitafika.

Sisi wa Naivasha hatuhitaji kuhadithiwa Safari Rally. Vumbi lake tumelila. Lakini najua wapo ambao wakati wa rali hujifungia nyumbani na kulalamika juu ya kelele, kwa hivyo niwaeleze kidogo. Katika rali magari hayakimbizani bega kwa bega. Kila gari hutoka peke yake, likiwa na dereva na navigeta wake anayemsomea kona zote kabla hazijafika, na hakimu ni saa. Njia hukatwa vipande, kisha muda wa vipande vyote hujumlishwa. Mwaka 2024 rali za ubingwa wa dunia zilikuwa 13, kuanzia Monte Carlo mwezi wa Januari hadi Japani mwezi wa Novemba, na yetu ilikuwa ya tatu. Mwisho wa mwaka dereva bora hupata kombe lake, na timu bora, yaani kampuni iliyotengeneza magari, hupata lake. Kila timu iliruhusiwa kuandikisha mpaka magari matatu katika kila rali, na alama za magari mawili yaliyofanya vizuri zaidi ndizo zilizoingia hesabuni. Shikeni sana hilo la mawili kati ya matatu. Ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Sasa twende Japani. Rali ya mwisho ilikuwa tarehe 21 hadi 24 Novemba, na makao yake yalikuwa katika jiji linaloitwa Toyota, nyumbani kwa kampuni yenyewe. Hata hivyo Toyota walifika kwao wakiwa nyuma. Hyundai walikuwa mbele kwa alama 15. Isitoshe, madereva wawili tu waliokuwa bado na nafasi ya kuwa bingwa wa dunia, Thierry Neuville wa Ubelgiji na Ott Tänak wa Estonia, wote walikuwa wa Hyundai. Neuville alimzidi mwenzake kwa alama 25. Kwa maneno mengine, kombe la dereva lingekwenda Hyundai lije jua ije mvua, na la timu nalo lilikuwa karibu kuingia mfukoni.

Ijumaa gari la Neuville likapata hitilafu ya injini na kuporomoka mpaka nyuma sana. Tänak naye akakaza. Jumapili asubuhi alikuwa anaongoza rali. Hapa lazima nieleze sheria moja ya mwaka ule, ambayo ilifutwa baadaye: alama nyingi zilitolewa kwa nafasi uliyokuwa nayo Jumamosi jioni. Wa kwanza alipata 18. Lakini zilikuwa alama za mkopo. Usipofika mwisho wa rali Jumapili, zinayeyuka zote.

Katika kipande cha kwanza cha Jumapili gari la Tänak likaacha njia likaishia mitini. Yeye na navigeta wake walitoka wazima, tunashukuru. Alama 18 hazikutoka.

Wakati huo mimi nilikuwa kwenye gereji ya mjomba, nimejikunyata kwenye benchi na simu yake mkononi. Huko kwao Japani ilikuwa tayari asubuhi, huku kwetu bado usiku. Mjomba ni fundi, na hajawahi kuisaliti Toyota tangu Ian Duncan aliposhinda Safari ya 1994 kwa Celica. Alipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa. Mimi nikamwambia, "Mjomba, tulia. Neuville ndiye bingwa sasa." Na kweli ajali ile ilimpa Neuville ubingwa pale pale, kwa kuwa mpinzani wake wa pekee alikuwa ameondoka. Alikuwa amemaliza wa pili mara tano katika miaka iliyopita, na hakuna Mbelgiji mwingine aliyewahi kulitwaa kombe hilo kabla yake. Mtu akisema hakustahili, mimi simo.

Lakini hebu tazameni jambo hili. Ajali ni moja. Iliwapa Hyundai kombe kwa mkono wa kulia na ikawanyang'anya kombe kwa mkono wa kushoto, maana zile 18 zilikuwa pia za timu. Saa chache baadaye, kabla ya kipande cha mwisho kabisa cha mwaka mzima, Hyundai na Toyota walikuwa sawa kwa alama. Rali 13, maelfu ya kilomita, na mtu hana hata alama moja juu ya mwenzake!

Aliyekwenda kuufungua mlango alikuwa Sébastien Ogier wa Ufaransa. Wakati huo alikuwa ameshakuwa bingwa wa dunia mara nane. Mwaka 2024 hakukimbia rali zote, na huko Japani hakuwa na kombe lolote la kwake binafsi la kutafuta. Angeweza kuendesha polepole, apungie watu mkono, aende zake nyumbani. Badala yake alikimbia kipande kile kuliko wote. Elfyn Evans wa Wales akashinda rali, Ogier akawa wa pili. Toyota 561, Hyundai 558. Alama tatu.

Hapa ndipo ningependa yule msemaji wetu wa ulimi mkali asikilize. Alama 561 si za Ogier. Kalle Rovanperä, kijana wa Finland, hakukimbia hata rali ile ya Japani. Lakini alikuwa ameshinda hapa kwetu Pasaka ya 2024, na mimi nilimwona kwa macho yangu akipita Hell's Gate. Mwezi wa Juni Ogier aliumia katika ajali akikagua njia za rali ya Poland. Rovanperä hakuwa kwenye orodha ya rali ile. Aliitwa ghafla akachukua nafasi, akafika bila maandalizi ya maana, na akashinda! Huko Sardinia Ogier alipoteza ushindi kwa sehemu mbili za kumi za sekunde kwa sababu ya gurudumu lililopasuka. Evans alikuwapo kila mahali, akiokota okota kama kuku. Ukiondoa kazi ya mmoja wao, alama tatu zimekwisha, tena zimekwisha mapema.

Na kuna Takamoto Katsuta. Huyu Mjapani tunampenda hapa Naivasha kama mtoto wa jirani, na si bure. Alikuwa wa pili kwetu mwaka 2021, wa tatu 2022, wa nne 2023, wa pili tena 2024. Kwingineko mambo hayakumwendea hivyo. Mwaka huo wa 2024 aligonga, akakosa, mpaka timu ikampumzisha katika rali ya Chile na kumweka kijana mwingine. Msemaji wetu angesema, "Mnaona? Hata Toyota hutupa mzigo!" Nakubali kwamba walimweka kando. Lakini hawakumfuta. Walimrudisha, na nyumbani kwao Japani akamaliza wa nne. Zaidi ya hayo, nafasi yake ya pili ya Naivasha ilikuwa imekaa tu kwenye daftari tangu mwezi wa Machi, ikingoja. Bila alama zile hakuna kombe.

Sasa nitoke Japani nije darasani kwetu, maana huko ndiko nilikotaka kufika tangu mwanzo.

Mnajua mashindano ya vikundi vya masomo ya kidato cha tatu. Wanafunzi watano hujiandikisha pamoja, husoma pamoja Jumamosi, na mwisho wa muhula wastani wa alama zao wote watano hulinganishwa na wa vikundi vingine. Kikundi kisichofika watano huhesabiwa kwa hao kilio nao, mradi wasipungue wanne. Ni mpango mzuri wa walimu wetu na sitaki kuonekana kama ninautupia mawe. Lakini una shimo, na mimi nilikuwa mmoja wa walioanguka humo.

Kikundi chetu kilikuwa na mwenzetu mmoja aliyekuwa akipata alama za chini. Sitamtaja. Katika Hisabati alikuwa na kumi na kitu wakati sisi wengine tulikuwa juu ya hamsini. Baada ya majaribio ya katikati ya muhula wa kwanza tulikaa nyuma ya maktaba tukapiga hesabu. Ukiwa naye, wastani ni huu. Ukimwondoa, wastani unapanda. Hesabu haikuwa na kosa. Tukampigia kura ya kutoka, naye akiwa amekaa pale pale akichora chora kwenye jalada la kitabu. Kura zilikuwa nne kwa sifuri. Nne, yaani na yangu ilikuwamo.

Hakugombana nasi. Alisema tu, "Sawa, nimewaelewa," akabeba mkoba wake.

Siwezi kuwadanganya kwamba tulishindwa kwa sababu yake. Tulikuwa wa pili, na labda tungekuwa wa nne tukiwa naye. Ila niseme mambo mawili. La kwanza, wiki ya mtihani yule mkali wetu wa Kemia aliugua malaria akafanya karatasi akitetemeka, na hatukuwa na mtu wa tano. La pili ni zito zaidi. Mwenzetu yule alianza kukosa Jumamosi, halafu Ijumaa, na sasa husema wazi kwamba anangoja tu afikishe umri wa kuchukua kitambulisho aende akatafute kibarua katika mashamba ya maua. Sidharau kibarua. Mama yangu amelea watoto watatu kwa kukata maua. Lakini yeye mwenyewe ndiye hunifokea nisiende huko kabla ya kumaliza kidato cha nne.

Kwa hivyo nina pendekezo kwa walimu wetu, na nalisema kwa heshima zote. Tufanye kama rali. Kila kikundi kiandikishe watano, asiruhusiwe mtu kupunguza, lakini zihesabiwe alama nne bora katika kila somo. Hebu fikirini mambo yatakavyobadilika. Leo mtu mwenye kumi na kitu ni shimo katika ndoo. Chini ya sheria ya rali hawezi kumwumiza mtu, kwa sababu alama yake ikiwa ya mwisho haihesabiwi. Lakini akipanda akampita mmoja tu katika somo moja tu, ameongeza. Na mkali wenu akiugua, yupo wa kuziba pengo. Basi kikundi kitakuwa na sababu ya kumfundisha badala ya kumpigia kura. Mwenzetu alikuwa na kumi na kitu katika Hisabati, ndiyo, lakini michoro yake ya Biolojia tulikuwa tukinakili sote, na mimi zaidi ya wote.

Nimesikia tayari jibu la wapinzani. Watasema mvivu atajificha kwenye ile nafasi ya tano na kulala usingizi. Inawezekana, wapo. Lakini mvivu hulala hata sasa, na tofauti ni kwamba leo tunawatoa wavivu na wasio wavivu kwa mlango mmoja. Huyu wetu alikuwa akitembea kutoka ng'ambo ya reli kila Jumamosi, wa kwanza kufika, akitungoja sisi wa wastani mkubwa tulioamka saa tatu.

Watasema pia kwamba siku ya kutuza huitwa jina la mwanafunzi bora na wazazi husimama. Aitwe tu. Neuville naye alipewa kombe lake na hakuna aliyelia wivu. Sikusema mtu asipewe chake. Nilisema, na ningelisema ukumbini kama si kengele, kwamba lile jingine ni gumu kulipata, kwa kuwa wewe unaweza kuamka vizuri siku moja ukashinda peke yako, lakini hakuna siku ambayo watu watano wote huamka vizuri.

Orodha za vikundi vya muhula ujao zitafungwa Ijumaa. Juzi nilikwenda kwao. Nilimkuta akiosha matatu ya kaka yake, suruali imekunjwa magotini. Nikamwomba msamaha, akacheka, akanirushia kitambaa nimsaidie upande wa pili. Tuliongea juu ya Katsuta na Evans mpaka ndoo ikaisha. Nilipomwuliza kuhusu kikundi alisema atafikiria.

Wenzangu watatu nimewaeleza, wawili wamekubali, mmoja bado ananuna. Orodha yetu iko kwenye daftari langu la Kemia. Majina manne yameandikwa kwa kalamu ya wino. La tano nimeliandika kwa penseli, na nina mpaka Ijumaa.